Je, Wajua? Kuvu Hutibiwa kwa Kuvu

Je, wajua kuwa griseofulvini, dawa iliyotumika kwa miaka mingi kutibu choa (ugonjwa wa kuvu) cha ng'ombe, farasi, mbwa na paka, yenyewe hutengenezwa na kuvu?

• Ilipatikana mwaka 1939 kutoka katika kuvu wa jamii ya Penicillium, ndugu wa yule aliyetupatia penisilini. Mwaka 1958 mtafiti J. C. Gentles alionyesha kuwa simbilisi wenye choa hupona wakipewa dawa hiyo kwa mdomo.

• Dawa hujipenyeza kwenye manyoya, kucha na ngozi vinavyoendelea kuota. Haiui kuvu papo hapo, bali huzuia asizaliane, mpaka sehemu yenye ugonjwa isukumwe nje na kung'oka. Ndiyo maana matibabu huchukua wiki kadhaa, na kuyakatiza mapema ni kuurudisha ugonjwa.

• Hufyonzwa vizuri zaidi ikiliwa pamoja na chakula chenye mafuta.

• Mnyama mwenye mimba asipewe kamwe! Paka waliopewa wakiwa na mimba wamezaa watoto wenye kasoro.

• Viuavijasumu vya bakteria haviponyi choa. Tena choa cha ndama au paka humwambukiza binadamu, hasa watoto. Vaa glavu unapomshika mnyama mgonjwa, mtenge na wenzake, safisha banda na brashi, kwani mbegu za kuvu hudumu humo kwa miezi mingi. Kabla ya kununua dawa yoyote, mwone daktari wa mifugo.