Koo na Mashine: Kuangua Mayai ya Kuku katika Nchi ya Chai

Mkulima wa chai wa Litein au Mogogosiek akipokea bonasi yake hukumbuka kwanza karo ya shule na mabati; lakini siku hizi wako wengi wanaotenga sehemu ya fedha hizo kununua kuku wa kienyeji waliostawishwa, mfano wale wa shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, huko Naivasha. Kuku hao hukua upesi na hutaga sana. Ila wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya kutaga, na kwa hiyo tabia ya kuatamia imepungua mno ndani yao. Mwenye nyumba huokota mayai kila siku na kufurahi, kisha kuku wanapozeeka hujikuta hana vifaranga wa kushika nafasi yao, wala hana budi kutoa fedha mara ya pili. Hapo ndipo mashine ya kuangulia huanza kutafutwa.

Mashine hiyo si jambo jipya kama wengi wadhaniavyo. Wamisri tangu zamani za kale waliangua mayai kwa maelfu katika matanuri ya matofali, wakichoma mavi makavu ya wanyama na majani makavu ili kupata moto mdogo usiozimika. Katika karne ya 18 mtaalamu wa Ufaransa, Réaumur, aliandika habari za matanuri hayo. Walinzi wake hawakuwa na kipimajoto. Waliliweka yai juu ya ukope wa jicho, mahali ambapo ngozi ni nyepesi, wakajua kama joto limezidi au limepungua. Ujuzi huo mtoto aliupokea kwa babaye, nao haukupatikana kwa siku moja.

Yai la kuku huanguliwa kwa muda wa siku 21. Katika mashine yenye feni joto liwe digrii 37.5 za sentigredi, na katika ile isiyo na feni lizidi kidogo, lipimwe usawa wa juu wa mayai. Mayai yageuzwe walau mara tatu kwa siku, hadi siku ya 18, kisha yasiguswe tena. Yachaguliwe yaliyotagwa katika juma moja lililopita, yasiyo na ufa, wala yasioshwe kwa maji, kwa maana maji huondoa utando unaolinda ganda na kuingiza uchafu ndani. Siku ya saba yamulikwe gizani kwa tochi: lenye uhai huonyesha mishipa myekundu kama mizizi, na lililo jeupe tupu liondolewe.

Hayo yameandikwa katika kila karatasi inayouzwa pamoja na mashine. Lisiloandikwa ni kwamba mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na maji yaliyomo ndani ya yai hupenya vitundu vidogo vya ganda na kutoka upesi kuliko Mombasa. Maji yakipotea kupita kiasi, utando wa ndani hukauka na kumbana kifaranga, naye hufa akiwa amekwisha toboa ganda. Mwenye kuku huona midomo midogo imetokeza, akangoja mpaka jioni, na asipate hata mmoja. Kwa hiyo sahani ya maji ndani ya mashine isikauke hata siku moja, na katika siku tatu za mwisho iongezwe sahani ya pili au kitambaa kilicholowa.

Jambo la pili ni umeme. Kericho inajulikana na wataalamu wa hali ya hewa duniani kwa wingi wa siku zake za mvua ya mawe, na ngurumo za alasiri mara nyingi huacha nyumba gizani. Usiku baridi huweza kushuka hadi karibu digrii 10. Umeme ukikatika, mashine isifunguliwe. Ifunikwe kwa blanketi, matundu ya hewa yaachwe wazi, na chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri ziwekwe ubavuni. Jiko la makaa lisiletwe karibu, kwa sababu moshi wake usioonekana huua vifaranga, na watu pia. Baridi ya saa chache mayai huweza kuivumilia; joto la kupita digrii 40 huyaharibu upesi zaidi. Mwenye haraka ya kuyapasha moto huyaua kwa wema wake.

Basi yafaa kila mwenye mashine awe pia na makoo mawili au matatu wa kienyeji wa asili, wale wadogo wanaodharauliwa sokoni. Koo mmoja hufunika mayai kumi au zaidi kidogo, hahitaji umeme, huyageuza mwenyewe, na unyevu wa mwili wake watosha. Watu huwauza makoo hawa kwa sababu wakiatamia hawatagi, na hiyo ni hasara iliyo dhahiri. Hasara ya kupoteza mayai yote ya mashine kwa usiku mmoja haionekani mpaka imekwisha kupatikana. Kiota chake kiwe mahali penye utulivu, kiwekwe majivu chini ya nyasi kupunguza utitiri, na chakula na maji viwe karibu.

Mashine na koo waanzishwe siku moja. Umeme ukipotea muda mrefu, baadhi ya mayai ya mashine, yaliyokwisha kumulikwa, huingizwa chini ya koo kadiri awezavyo kufunika. Siku ya 21, vifaranga wa mashine wakisha kukauka manyoya, wachukuliwe usiku wakati koo amelala na kusukumwa mmoja mmoja chini ya mabawa yake pamoja na wale aliowaangua mwenyewe. Akipewa mchana huenda akawadonoa. Akiwakuta alfajiri huwaita wote kwa sauti moja, na taa ya kuwapasha joto haitahitajika.