Tundu Kabla ya Nakshi



Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yalipoingia madrasa yetu, huku upande wa Garsen, misahafu tuliiwahi, alhamdulillahi. Marufaa hatukuziwahi. Nyingine zilichukuliwa na maji, nyingine zilibaki topeni na zilipokauka zikapasuka. Watoto wakawa wanasoma na misahafu magotini, na mtoto akisinzia, msahafu huteleza. Nilikwenda kwa seremala. Bei aliyonitajia ilinirudisha nyumbani kimya.

Binti yangu, aliyemaliza kidato cha nne na karo ya chuo haijapatikana, akaniambia, "Baba, niache nijaribu mimi." Nikamjibu kwamba useremala si kazi ya mtoto wa kike. Nakiri nilisema bila ya kufikiri. Mama yake hushona kofia, na kofia ni nini ila kutoboa kitambaa kwa sindano kisha kulizungushia tundu uzi, tundu baada ya tundu, hadi ua likamilike?

Chombo chenyewe ni msumeno wa nakshi: fremu yenye umbo la upinde, na ulimi wa chuma mwembamba mno ulioshikwa ncha zote mbili. Iko mashine ya umeme ifanyayo kazi hiyo hiyo, lakini anayeanza wa mkono unamtosha. Meno yaelekee mpinini, ili msumeno ukate unapouvuta chini. Ulimi ukazwe hata ukiugusa ulie kama utari. Uliolegea hupinda na kukatika.

Marufaa ya kale, ile ya ubao mmoja uliopasuliwa na kufumana wenyewe kwa wenyewe, tuwaachie mafundi wakongwe. Ya anayeanza ni ya mbao mbili. Mmoja hukatwa dirisha katikati; wa pili hupunguzwa upana nusu yake ya chini, upenye dirishani. Ubao ukiwa na unene wa sentimita moja na nusu, dirisha liende juu kama sentimita tatu, la sivyo mbao hazitalala mshazari. Sisi tulitumia mwembe uliokauka vyema, maana miembe ndiyo tuliyojaaliwa huku mtoni.

Basi dirisha la katikati ya ubao utalikataje, na msumeno huingilia ukingoni? Hapo ndipo lipo tundu la kuanzia, na hapo ndipo wengi huharibu. Si jambo geni Pwani. Mafundi wa majahazi, kama wale wa Matondoni kule Lamu, walitoboa mbao kwa keekee ya uta kabla ya kupiga misumari, zisipasuke. Nawe fanya vivyo. Chora kwanza. Kisha weka alama kwa ncha ya msumari, keekee isiteleze. Toboa ndani ya sehemu itakayotupwa, karibu na kona, wala usitoboe juu ya mstari, kwani nusu ya tundu itabaki kovu kwenye kazi yako. Tundu la milimita tatu latosha. Chini weka kipande cha ubao mbovu, uzikaze mbao zote mbili zisicheze, na keekee isimame wima. Bila ya kipande hicho upande wa nyuma utachanika nyuzi. Halafu fungua ncha moja ya ulimi, uupenyeze tunduni, uukaze tena, ukate. Ila kabla ya yote pima kina cha fremu yako: isipofika katikati ya ubao, tundu hilo ni kazi bure.

Dirisha na nakshi za ndani zitangulie, umbo la nje likatwe mwisho, wakati ubao bado una nguvu za kushikika. Geuza ubao, si msumeno. Funika pua kwa leso, maana vumbi lake si zuri kifuani.

Anayetamani kuona mbao zilizotobolewa nakshi zikafikia wapi, aitazame ile zahanati ya zamani ya Tharia Topan, Unguja, iliyokamilika mwaka 1894. Varanda zake zimepambwa hadi ukahisi ubao ni kitambaa.

Nami nikaingiwa na tamaa. Nikachukua kipande cha plaiwudi, nikaanza na Jina Tukufu la Mola wetu. Herufi ya mwisho, ha, ina jicho, na jicho linataka tundu. Nililitoboa juu ya mstari, kwa haraka zangu, na herufi ikakatika mkononi. Nilibaki nimekishika kile kipande nisijue pa kukiweka. Mwishowe nilikizika pahali safi pasipopitwa na watu, na vumbi lake nikalikusanya pamoja nacho. Kwa hiyo nawaomba, mama na dada zangu: aya na majina matukufu yangoje mpaka mkono ukomae. Jizoezeni kwa maua, nyota na mwezi mwandamo.

Binti yangu amekwisha kumaliza marufaa kumi na moja. Ya kwanza inayumba, tumeiwekea kigaga cha ubao chini ya mguu mmoja, na ndiyo ninayoitumia mimi. Wiki iliyopita mama mmoja kutoka kijiji cha pili alikuja kuagiza mbili kwa ajili ya wanawe. Alinikuta mlangoni akaanza kupatana bei nami. Nikamwambia aingie ndani, fundi yupo uani.