Hadi diski inakopi kwa kusuasua? Anza na waya

Leo tuweke pembeni ubwiri unga, tuongee kuhusu kumbukumbu za shamba.

Juzi kijana mmoja anayelima zabibu Mpunguzi alinipigia. "Bwana shamba, diski yangu inakufa!" Humo ndani kulikuwa na misimu mitatu: picha za droni, rekodi za mauzo, vipimo vya udongo. Benki ilizitaka rekodi hizo kabla ya Ijumaa kwa ajili ya mkopo wa pampu. Akianza kukopi GB 60, kasi inashuka mpaka sifuri, kompyuta inaganda, halafu inaleta ujumbe wa kosa.

Kule kuganda kuna maana yake. Windows ikiomba data na diski isijibu, kwa kawaida husubiri hadi sekunde 60, kisha hujaribu kuiamsha upya. Swali ni kwa nini diski haijibu. Mzabibu ukinyauka hukimbilii sumu, unaangalia maji kwanza. Na hapa fuata mpangilio.

1. Sikiliza. Diski ikigonga "tak, tak", ichomoe. Usiendelee kujaribu, mpelekee fundi wa kuokoa data.

2. Waya na tundu. Waya uliokunjwa kunjwa au tundu lililojaa vumbi letu la Dodoma hukata mawasiliano. Badilisha waya, uwe mfupi. Chomeka kwenye kompyuta moja kwa moja, siyo kwenye kigawanyio: tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, la USB 3.0 hutoa 900, na diski yenye njaa ya umeme hujizima na kujiwasha.

3. Kasi ya tundu. USB 2.0 hupitisha kama MB 35 kwa sekunde. Diski ya kuzunguka kwenye USB 3.0, ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu ndani, inaweza kufika MB 100 na zaidi. Hizo GB 60 zitachukua karibu nusu saa kwenye la kwanza, dakika kama 10 kwenye la pili.

4. Faili ndogo ndogo. Maelfu ya picha hukopika polepole kuliko faili moja kubwa. Hiyo siyo ugonjwa.

5. Pima afya. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma ripoti ya diski yenyewe. Ikionyesha njano au nyekundu, kuna sehemu zimeanza kuharibika.

Kwa kijana wetu, waya mpya ulirudisha kasi. Tukashangilia mapema. Folda moja iliendelea kuganda, na tulipopima afya ikaja njano. Yaani matatizo yalikuwa mawili, na waya ulikuwa unaficha lile kubwa.

Hapo wengi hukosea: wanakimbilia kurekebisha kwa chkdsk. Ikiagizwa kutafuta sehemu mbovu, chkdsk husoma diski nzima, na diski mgonjwa inaweza kufia hapo hapo. Okoa kwanza, tibu baadaye. Tulikopi rekodi za mauzo na vipimo vya udongo mwanzo, picha mwisho. Picha chache zilipotea. Rekodi zilifika benki Alhamisi.

Mavuno yote huyaweki kwenye ghala moja. Kuwa na nakala mbili za rekodi zako, moja ikae mbali na shamba. Ifanye leo jioni, kabla umeme haujakatika.

Tukutane wiki ijayo.