Githurai 45: Taka za Mpakani na Wajibu wa Serikali za Mitaa

Neno mazingira limetokana na kitenzi zingira. Ni vyote vinavyomzunguka mtu, viwe vizuri au vibaya. Hata hivyo, wengi wetu tulisikiapo neno hili huwaza misitu na wanyamapori, yaani mambo yaliyo mbali na nyumbani. Makala haya yananuia kulirejesha neno hilo mlangoni petu, katika soko la Githurai 45, na kueleza ni kwa nini ulinzi wa mazingira ya hapo ni jukumu la serikali ya mtaa, na ni kitu gani kinacholikwamisha jukumu hilo.

Kwa msomaji asiyeifahamu, Githurai 44 na Githurai 45 zilipata majina yao kutokana na nambari za njia za matatu. Wadi iitwayo Githurai iko Nairobi, katika eneo bunge la Roysambu, ilhali sehemu kubwa ya Githurai 45 imo Ruiru, Kaunti ya Kiambu, katika wadi ya Kiuu. Mgawanyiko huu si wa jana. Kabla ya 2013, upande mmoja ulikuwa chini ya Baraza la Jiji la Nairobi na wa pili chini ya Baraza la Manispaa ya Ruiru. Mabaraza hayo hayapo tena, na sheria iliyoyaunda, Sura ya 265, ilifutwa. Lakini wakazi wangali wanamwita askari wa kaunti "kanjo", jina lililotokana na baraza lisilokuwapo. Mwanafunzi wa semantiki atambue jambo hapa: kanjo ni yule anayewafukuza wachuuzi. Sijawahi kumsikia mtu sokoni akilitumia neno hilo kwa mzoaji taka.

Sheria, kwa upande wake, haina utata mkubwa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyabebesha mabaraza wajibu wa kuyaweka maeneo yao katika hali ya usafi. Katiba ya 2010 ikazikabidhi kaunti, katika Jedwali la Nne, uzoaji wa taka, majaa na mifereji ya maji ya mvua. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kesi ya Peter Waweru dhidi ya Jamhuri, ambapo wenye ploti wa Kiserian walikuwa wameshtakiwa kwa kumwaga majitaka mtoni. Mashtaka yalifutwa, lakini mahakama haikuishia hapo. Ilisema kwamba haki ya kuishi inajumuisha haki ya kuishi katika mazingira safi, tena ikalitazama baraza la eneo hilo pia, kwani mtambo wa kusafisha majitaka haujengwi na mwenye ploti mmoja mmoja. Kwa maoni yangu, uamuzi huo ulibadili swali. Tangu hapo haitoshi kuuliza ni nani aliyetupa. Ni lazima kuulizwa pia ni nani aliyepaswa kuzoa.

Sasa turudi sokoni. Taka za Githurai nyingi ni za chakula: majani ya kabeji, nyanya zilizopondeka, viazi vilivyooza. Taka hizi zimejaa maji, kwa hiyo ni nzito kubeba na huanza kuvuja upesi. Zikitengwa huwa mbolea. Zikichanganywa na plastiki huwa mzigo usiofaa kitu. Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya 2022 inaagiza utengaji huo, taka zinazooza kando na zisizooza kando. Zisipotengwa wala kuzolewa, mvua huzisukuma mferejini, mfereji huziba, maji yakapanda barabarani. Yale yanayopita huteremka hadi mfumo wa Mto Athi, ambao huitwa Galana, kisha Sabaki, kabla ya kuingia Bahari Hindi karibu na Malindi. Hivyo uchafu wa bara huwafikia hata Waswahili wa pwani.

Na lori likija, litapeleka wapi? Jaa la upande wa Kiambu ni Kang'oki, Thika, takriban kilomita 30 kutoka hapa. Dandora ni karibu zaidi, lakini ni mali ya kaunti nyingine, na jaa hilo lililofunguliwa 1975 lilitangazwa kuwa limejaa tangu 2001. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa mpakani manahodha hawagombanii usukani. Kila mmoja humwachia mwenziwe.

Dawa imo katika Katiba yenyewe. Kifungu cha 189 kinaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Hakuna kinachozuia Nairobi na Kiambu kuwa na ratiba moja ya uzoaji na mfereji mmoja unaosafishwa mwanzo hadi mwisho. Nazo zikizembea, Kifungu cha 70 kinampa mtu yeyote ruhusa ya kwenda mahakamani kudai mazingira safi, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au madhara. Muuza viazi wa Githurai anayo haki hiyo leo.

Tatizo ni kwamba haijui. Katiba ilitafsiriwa kwa Kiswahili, lakini sheria za kaunti kuhusu taka kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, ilhali soko zima hununua, huuza na hugombana kwa Kiswahili na Kikuyu. Kuzitafsiri, na kuzibandika pale stejini panaposomwa nauli, ni kazi ambayo chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinaweza kuianza muhula huu.