Jenereta ya upepo isiyo na kaboni: Ngara na Biharamulo wapime upepo kwanza

Mfanyabiashara wa Ngara au Biharamulo anayetaka kuweka mtaji katika umeme wa upepo ataulizwa na muuzaji anataka jenereta ya aina gani. Swali hilo lina uzito, ila si la kwanza.

Kwa miaka mingi miji hii miwili ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO, na mafuta yakisafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Wenye maduka na gesti walijinunulia majenereta madogo, na wanaijua adha ya kaboni, vile vipande vinavyosugua pete za shaba kwenye rota. Vikiisha, umeme unayumba au unakatika. Uani kwako hiyo ni kazi ya nusu saa kama kipuri kipo. Juu ya mnara wa mita 20 ni kumlipa fundi apande, huku biashara imesimama.

Jenereta za relaktansi hazina kaboni. Rota yake ni chuma kitupu chenye meno, bila waya wala sumaku. Nyaya zote ziko kwenye stata, sehemu isiyozunguka. Stata ikitiwa umeme kidogo huyavuta meno yajipange mbele ya ncha zake. Upepo unapoyalazimisha kupita, nguvu inayoshinda mvuto huo ndiyo inayogeuka umeme.

Kukosa sumaku nako kuna faida. China ilipopunguza mauzo ya nje ya madini adimu mwaka 2010, bei ya neodimiamu, inayotengenezewa sumaku kali, ilipaa hadi 2011. Chuma hakina misukosuko hiyo. Lakini jenereta hizi kwa nguvu ileile huwa nzito zaidi, nafasi kati ya rota na stata ni finyu mno, hivyo bearing mbovu huziua, na hazifanyi kazi bila kifaa cha elektroniki cha kuziongoza. Nyingi bado ni za maabara kuliko za dukani.

Kwa hiyo dai karatasi ya majaribio. Karakanani jenereta huzungushwa na mota kwa kasi ndogo hadi kubwa, wakipima nguvu inayoingia kwenye shafti na umeme unaotoka, kisha huachwa na mzigo kamili hadi joto litulie. Muuzaji mwenye namba moja tu, ile ya upepo mkali, hajakuonyesha kitu.

Sasa upepo wenyewe. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu huwa mara 8. Katika miinuko ya huku, upepo wa mita 5 kwa sekunde una takriban wati 65 kwa kila mita ya mraba. Mapanga ya kipenyo cha mita 3 hufagia mita 7 za mraba, yaani wati 455. Mtambo ukikamata asilimia 30, unapata wati 136: taa, redio na simu, wala si mashine ya kusaga inayohitaji kilowati kadhaa. Jenereta bora zaidi kwa asilimia 5 ingeongeza wati 7. Mtambo uleule kwenye kilima chenye upepo wa mita 6 ungetoa wati 235.

Kipima upepo kikae mlingotini miezi 12, masika na kiangazi, kabla ya kununua chochote.

Mshindani naye amekwishafika. Mwaka 2013 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 kwa ajili ya umeme wa maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara. Mtambo huo wa megawati 80, unaogawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi, ulianza kuzalisha mwaka 2023, na njia yake ya Tanzania inapita hadi Nyakanazi, Biharamulo. Aliye jirani na nguzo hizo hana sababu ya kujenga mnara. Aliye mbali nazo alinganishe kwanza bei ya kila wati na ile ya paneli za jua, ambazo hazina kitu kinachozunguka.