Fahamu: Jinsi ramani za setilaiti zinavyoongoza ujenzi Bonde la Ufa

Ramani ya kidijitali ya kupangia miundombinu huundwa kwa matabaka: mwinuko wa ardhi, udongo, mikondo ya maji, makazi. Yakipandanishwa, mpangaji huona pa kupitisha barabara kabla ya tingatinga kufika.

Katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kilicho chini ya ardhi ndicho cha kuchungwa zaidi. Machi 2018, mvua kubwa ilifunua ufa karibu na Mai Mahiu, ukakata barabara ya Narok. Wanajiolojia wengi walieleza kuwa maji yalisomba majivu laini ya volkano yaliyoujaza. Juu ya ardhi nako, picha za setilaiti huonyesha maziwa ya Nakuru na Baringo yakipanuka tangu takriban 2010.

Setilaiti, hata hivyo, haijui njia ya mifugo hutumika msimu gani. Hilo huulizwa wafugaji wenyewe.