Majina 90 yaliyojificha chini ya asanseri

Mdogo wetu mmoja aliniuliza juzi: "Kaka, hii informatiki yako inasaidia nini kule Nyangwe, umeme wenyewe haiko?" Nilitaka kumjibu kwa maneno makubwa, halafu nikaona heri niwasimulie jambo dogo lililonitia aibu. Ni habari ya ule ufito mwembamba ulio pembeni ya dirisha la ordinatere, unaoushika kwa kipanya na kuuvuta chini ili uone maandishi yasiyoonekana.

Walimu wetu, juu walisoma kwa Kifaransa, wanauita asanseri, yaani lifti, ile ya kupandisha watu ghorofani. Kwetu hatuna ghorofa ya kuhitaji lifti, lakini jina limebaki, na mimi nitalitumia. Ndani ya asanseri kuna vitu viwili: njia, ambayo ni ule ufito mzima kutoka juu mpaka chini, na kitelezi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya njia.

Ilikuwa likizo, vyandarua vya mbu vimefika, na wazee wakaniomba nisaidie orodha. Majina ya wakuu wa nyumba, wa Nyangwe na vijiji vya karibu, yalikuwa yameandikwa kwa mkono katika makaye manne, kila kaye majina kama 750. Jumla kama 3,000. Karani alikuwa akitumia saa nzima kutafuta jina moja. Nikayaandika yote katika laptopu, nikayapanga kwa alfabeti kutoka Abdala mpaka Zuhura, nikatengeneza programu ndogo: karani anatafuta jina, anabonyeza, alama inabaki kwamba mtu huyu amekwisha kupata.

Nilitumia Python pamoja na Tkinter, sababu vilikuwa tayari ndani ya masini na sikuhitaji kupakua kitu. Mnajua megabaiti kwetu zinavyouzwa. Tkinter inakuja na asanseri yake, nzuri tu, ila ni nyembamba na rangi yake kijivu. Sisi tulikuwa tunagawa chini ya mwembe, jua kali juu ya kioo, na karani ni mzee wa macho hafifu. Hakuiona kabisa. Basi nikaamua kuchora asanseri yangu mwenyewe, pana kama vidole viwili, njia nyeusi na kitelezi cha manjano. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kabla sijafika kwenye balaa, tuelewane asanseri inafanya kazi gani. Chukua kitenge cha yadi 6 na meza fupi ya muuzaji sokoni. Kitenge chote hakienei juu ya meza. Unakivuta, kipande kinaonekana mezani, kingine kinaning'inia upande huu na upande ule. Meza ndiyo dirisha. Kitenge ndicho orodha yote. Asanseri ni kijipicha cha hali hiyo: njia inasimama badala ya kitenge kizima, kitelezi kinasimama badala ya kile kipande kilicho mezani. Kwa hiyo urefu wa kitelezi hauchaguliwi ovyo. Kama dirisha linaonyesha nusu ya orodha, kitelezi ni nusu ya njia. Kama linaonyesha moja ya kumi, kitelezi ni moja ya kumi.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Masini ya Xerox Star ya mwaka 1981 ilikuwa na asanseri, na Macintosh ya 1984 pia, lakini katika Macintosh hiyo kitelezi kilikuwa kisanduku cha ukubwa uleule siku zote, uwe unasoma barua ya ukurasa mmoja au kitabu kizima. Watu wengi walizoea kitelezi cha kurefuka na kufupika wakati wa Windows 95. Mimi mwenyewe faida yake niliijua katika sibere, nilipokuwa nasoma shajara ya Livingstone. Mnakumbuka, alipokuwa kwetu Nyangwe mwaka 1871 aliishiwa na karatasi, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea ya hapahapa. Wino ulififia mno, mpaka wataalamu walioongozwa na Adrian Wisnicki wakazipiga picha kurasa hizo kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuzitoa hadharani mwaka 2011. Nilitaka kufika tarehe 15/7/1871, siku ya mauaji ya sokoni. Kila nikitazama kitelezi kilivyo kidogo, najua safari bado ndefu na pesa yangu ya sibere inaisha. Kabla ya kusoma neno, kitelezi kilikuwa kimekwisha kuniambia nusu saa haitatosha.

Sasa hesabu. Kila jina lilichukua nukta 20 za kioo kwenda chini. Majina 3,000 mara 20 ni nukta 60,000: huo ndio urefu wa orodha. Dirisha langu lilikuwa na nukta 600, maana yake majina 30 kwa mara moja. Njia nayo ilikuwa nukta 600. Ukifuata kanuni ya kitenge, kitelezi kinapaswa kuwa 600 gawanya kwa 60,000 mara 600, yaani nukta 6 tu. Nukta 6! Mzee wa watu atakishikaje? Kila mtengenezaji wa asanseri anakutana na shida hii, na wengi wanaitibu namna moja: wanaweka kiwango cha chini. Mimi niliandika kwamba kitelezi kisipungue nukta 24, hata iweje.

Ni dawa sahihi, lakini ukiinywa lazima ubadilishe na chakula, na mimi sikubadilisha. Mtu akivuta kitelezi, nilikuwa natazama kichwa chake kiko nukta ngapi kutoka juu, nagawanya kwa 600, halafu naiambia Tkinter: sogeza orodha mpaka sehemu hiyo. Kitelezi kikiwa katikati, orodha inaenda katikati. Akili inakubali kabisa.

Tazama chini sasa. Kitelezi cha nukta 24 ndani ya njia ya nukta 600 kinaweza kushuka nukta 576 tu, kisha kinagonga mwisho. Gawanya 576 kwa 600, unapata 0.96. Orodha inasogea asilimia 96 ya nukta 60,000, yaani 57,600. Dirisha linaonyesha nukta 600 kutoka hapo, tunafika 58,200. Zilizobaki ni 1,800. Gawanya kwa 20: majina 90. Kitelezi kimegusa chini, mzee anaona kabisa kwamba amefika mwisho, na watu 90 hawako.

Asubuhi ya kwanza mama mmoja alifika kutoka ng'ambo ya Lualaba. Alikuwa amelipa mtumbwi. Jina lake linaanza na Z, na herufi ya pili ni u.

"Mama, jina lako haiko humu," karani akamwambia.

"Haiko namna gani, papa? Waliniandika mbele ya macho yangu."

"Tazama mwenyewe. Nimefika chini kabisa. Haiko."

Mama alitazama kioo asichoweza kukisoma, akakunja kanga yake, akaenda zake. Mimi nilikuwepo, mita tano kutoka hapo, nasimamia plake ya jua. Nilisikia. Nikafikiri labda waandishi walimsahau. Niliamini masini kuliko mama.

Mpaka jioni walikuwa wamerudishwa watu 11. Aliyetuamsha ni mzee mmoja wa mtaa, hajui ordinatere wala hataki kuijua. Alikuja kukaa karibu na karani, akasikiliza majina, akauliza: "Kumbe akina Zuberi na akina Zuhura wote wamehama Nyangwe?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilichukua laptopu nikaenda nayo nyumbani.

Mtaniuliza: hukujaribu programu yako kabla? Nilijaribu, tena sana. Mara ya kwanza nilijaribu na majina 200. Hayo ni nukta 4,000. Kitelezi chake cha haki ni nukta 90, kile kiwango cha chini hakiguswi, na hesabu yangu mbaya inatoa jibu lilelile la hesabu nzuri. Hata ningeweka kaye moja nzima nisingeona kitu, kwa sababu majina 750 ni nukta 15,000, na hapo kitelezi cha haki ni nukta 24 kamili. Kosa linaanza kuonekana kwenye jina la 751. Nilipoweka makaye yote manne nikajaribu tena, lakini kwa gurudumu la kipanya changu, na gurudumu halipiti katika ile hesabu. Linaiambia orodha moja kwa moja "shuka mistari kadhaa". Likafika mpaka Zuhura wa mwisho bila taabu. Kipanya cha karani kilikuwa cha zamani, gurudumu limekufa. Yeye alikuwa na njia moja tu, kuvuta.

Na kuna jambo la aibu zaidi, sitalificha. Nilipofika mwisho kwa gurudumu, niliona kitelezi kimezama nukta 18 chini ya njia, kama mtu aliyetoa miguu nje ya kitanda. Ile ilikuwa dalili. Ningejiuliza kwa nini, ningelipata kosa palepale. Badala yake niliongeza mstari mmoja wa programu: kitelezi kisivuke chini ya njia. Kikakaa vizuri. Nilitibu picha, ugonjwa nikauacha, tena nikauficha vizuri, maana tangu hapo kitelezi kilionekana kimefika mwisho huku orodha haijafika.

Hesabu ya haki inasema hivi. Kitelezi hakina safari ya nukta 600, kina safari ya njia kutoa urefu wake mwenyewe, 576. Orodha nayo haina safari ya nukta 60,000, ina safari ya orodha kutoa dirisha, 59,400, kwani ukishaona ukurasa wa mwisho hakuna pa kwenda tena. Safari mbili hizo ndizo unazolinganisha. Kitelezi kimekwenda sehemu gani ya 576? Basi orodha iende sehemu hiyohiyo ya 59,400. Na unapochora kitelezi baada ya gurudumu au klavie kusogeza orodha, unatumia hesabu ileile, umeigeuza tu. Njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, lazima zifungane. Ukitoka mahali fulani na kurudi, ufike palepale. Marekebisho yalikuwa mistari miwili. Ule mstari wa kukata nikaufuta, na kitelezi hakikuzama tena.

Usiku huohuo nilikuta mambo mengine, nayataja haraka kwa yule atakayetaka kuchora asanseri yake. Mtu akishika kitelezi katikati, kumbuka ameshika nukta ya ngapi, la sivyo kitaruka ghafla ili kichwa chake kije chini ya kipanya. Akivuta huku mkono umeteleza nje ya njia, usimwachie. Endelea kumfuata mpaka atoe kidole. Akibonyeza mahali patupu pa njia, mpeleke dirisha moja kasoro mstari mmoja, ili ule mstari wa mwisho aliousoma aukute juu na asipotee. Orodha ikiwa fupi kuliko dirisha, zima asanseri kabisa, maana safari inakuwa sifuri na kugawanya kwa sifuri kunaangusha programu.

Lingine linahitaji maneno zaidi kidogo. Gawanya 59,400 kwa 576: kila nukta moja ya mkono wa mzee inarusha orodha nukta 103, yaani majina matano. Mkono ukitetemeka kidogo tu, Yusufu amepita. Hilo haliponi kwa hesabu yoyote, ni umbo lenyewe la asanseri ndefu. Kwa sababu hiyo niliongeza mishale miwili mikubwa, juu na chini, ya kusogeza jina moja moja, na kisanduku cha kuandika herufi za kwanza za jina. Karani alikipenda kile kisanduku, mishale hakuigusa. Kusema kweli, ningeanza na kisanduku tangu siku ya kwanza, nisingekuwa na hadithi ya kuwaandikia.

Kesho yake mpiga mbiu alizunguka mitaa kuwaita waliorudishwa. Kumi walikuja siku ile. Yule mama wa ng'ambo alipata habari siku ya tatu. Nilimlipia mtumbwi, akachukua chandarua chake, hakuniuliza neno kuhusu asanseri na mimi sikumweleza.

Siku hizi, orodha yoyote ninayoitengeneza, ninaongeza mstari wa mwisho kabisa ulioandikwa MWISHO WA ORODHA. Kisha natafuta mtu asiyejua programu, nampa kipanya kisicho na gurudumu, namwambia avute mpaka asome maneno hayo kwa sauti. Wiki iliyopita alikuwa mtoto wa jirani, wa darasa la nne. Alivuta, akanyamaza, akasema: "Kaka, mimi naona SHO WA ORO tu." Dirisha lilikuwa jembamba. Nimerudi kazini.